Mfundishe Mtoto Kusema

Somo: 2 Samweli 13:1–22

Somo la safari hii si la kusomewa watoto. Ni letu sisi wazazi, walezi, wadhamini wa ubatizo, walimu wa Shule ya Jumapili na viongozi wa kwaya. Twaomba lisomwe kwanza na watu wazima peke yao, ndipo yale yanayowahusu watoto yafikishwe kwao kwa lugha wanayoielewa. Twaomba pia sura iliyotajwa hapo juu isirukwe. Si sura inayosikika mara kwa mara mimbarani, na wengi wetu tumekua tukiisikia Biblia miaka yote bila kuambiwa kuwa habari hiyo imo.

Amnoni, mwana wa Mfalme Daudi, alimtamani Tamari, dada yake wa baba mmoja. Hakumvizia njiani. Kwa ushauri wa binamu yake Yonadabu alijifanya mgonjwa, akalala kitandani, na baba yake alipokuja kumjulia hali akaomba Tamari aje ampikie mikate. Daudi, asijue lolote, ndiye aliyempeleka binti yake kwa amri yake mwenyewe. Tamari akaenda kwa utii, akakanda unga, akapika. Amnoni akaagiza watu wote watoke chumbani. Binti alikataa, akasihi, akatoa na sababu zake, hakusikilizwa. Baada ya kutendwa alifukuzwa kama mtu asiye na thamani, na mlango ukakomewa nyuma yake. Akaenda zake akilia kwa sauti, majivu kichwani, vazi lake limeraruliwa. Ndugu yake Absalomu alipomwona alijua mara moja kilichotokea, naye akamwambia anyamaze, maana aliyemtenda ni ndugu yake. Habari zikamfikia Daudi, akakasirika sana. Sura haituambii kwamba alifanya jambo lolote zaidi ya kukasirika. Miaka miwili baadaye Absalomu alimwua Amnoni, na nyumba ile haikupata utulivu tena.

Msomaji na ahesabu katika habari hiyo ni watu wangapi walikuwa na nafasi ya kumlinda binti yule, halafu atafute kama kuna mgeni miongoni mwao. Hayumo. Waliomo ni kaka, binamu, baba, watumishi wa nyumbani, na kaka wa pili. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na twapenda kutumia methali hii tunapowatahadharisha watu juu ya mali zao na vyeo vyao, lakini ni mara chache tunaitumia tunapowazungumzia watoto wetu.

Maana tuliwafundisha nini watoto juu ya hatari? Sisi tuliokulia pwani tuliogopeshwa kwa mumiani. Ukichelewa kurudi dukani, mumiani atakukamata akunyonye damu. Ukipanda gari la mtu usiyemjua, hutaonekana tena. Siku hizi neno mumiani limepungua, ila fundisho limebaki lile lile: usiongee na mtu usiyemjua, usipokee pipi ya mtu usiyemjua. Fundisho hilo si baya. Wageni wenye nia mbaya wapo, na mtoto hana budi kulijua hilo. Ubaya wake ni kwamba linalinda mlango mmoja tu wa nyumba yenye milango mingi. Mtoto aliyefundishwa kuwa hatari ina sura ya mtu asiyemjua hana neno lolote la kusema siku hatari itakapokuja na sura ya mjomba, au ya kaka wa jirani anayemfundisha hesabu.

Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa taifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, Bara na Zanzibar, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Waliohojiwa walikuwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema kwamba kabla ya kutimiza miaka 18 walitendewa tendo la ukatili wa kijinsia walau mara moja. Katika waliowatenda hayo walikuwamo wageni, na walikuwamo majirani, jamaa na watu wenye mamlaka juu yao. Lakini tarakimu iliyotushtua sisi tulioishi na watoto madarasani ni nyingine. Kati ya wasichana waliotendwa, kiasi cha nusu tu walimwambia mtu yeyote. Kwa wavulana ni theluthi moja. Wengine wote walinyamaza mpaka alipokuja mtu na karatasi ya maswali kuwauliza, miaka mingi baadaye.

Hapo ndipo tunapotaka kukaa. Mtoto mdogo hawezi kumshinda mtu mzima kwa nguvu, wala hatuwezi kumfuata kila aendapo kuteka maji, shuleni, tuisheni na kwenye mazoezi ya kwaya. Silaha aliyo nayo ni kinywa chake. Na sisi, bila kukusudia mabaya, tumekuwa na njia nyingi za kukifunga kinywa hicho.

Tuanze na majina. Katika chuo cha ualimu tulizoea kuwaambia wanafunzi wetu kwamba kitu kisicho na jina hakifundishiki. Mtoto wa miaka mitatu hujua kutaja jicho, sikio, goti na kisigino. Akifika katikati ya mwili, tunamwachia maneno ya utani, kidudu na mengineyo, ambayo kila nyumba ina lake. Mtoto akimwendea mwalimu akisema kuwa fulani amemshika kidudu, mwalimu aweza kudhani anasema habari za mchwa. Mtoto na ajue kusema uume, uke, makalio na matiti kwa utulivu ule ule anaotaja goti. Hayo si matusi. Yanakuwa matusi kwa namna tunavyoyasema, na namna hiyo mtoto huijifunza kwetu.

Twaongeza neno juu ya msemo wa "sehemu za siri". Ni msemo wa heshima na tumeuzoea, lakini fikirini jinsi unavyomwingia mtoto. Mtoto ameambiwa kuwa sehemu hizo ni za siri, na ameambiwa pia kuwa siri haitolewi. Mtu mwovu hana kazi kubwa iliyobaki. Afadhali kumwambia mtoto kuwa hizo ni sehemu zake mwenyewe, zile zinazofunikwa na nguo ya ndani. Hakuna mtu wa kuzishika wala kuzitazama kwa mchezo, wala wa kumtaka yeye ashike za mwingine, wala wa kuzipiga picha kwa simu. Mama au mlezi humwogesha mtoto mdogo, na mganga humwangalia mgonjwa mzazi akiwapo. Zaidi ya hapo hapana.

Halafu lipo jambo la siri zenyewe. Mtoto yafaa ajue kuwa siri ziko za aina mbili. Iko ile ya kumnunulia bibi kitenge cha Krismasi, ambayo siku yake ikifika watu wote watacheka. Na iko ile ambayo haina siku ya kufunguliwa, ambayo ukiiwaza tumbo linauma. Siri ya namna ya pili haiwekwi, hata kama aliyeitoa ni mtu mkubwa, hata kama ameapisha. Watendao mabaya wana maneno yao, nayo ni yale yale kila mahali: ukisema mama yako atakufa, ukisema mimi nitafungwa na ninyi mtakosa chakula, hakuna atakayekuamini, wewe ndiye uliyetaka. Mtoto akiyasikia maneno haya kwanza kutoka kwetu, hayatakuwa na nguvu ile ile atakapoyasikia kwingine. Mwambieni waziwazi: mtu akikuambia usimwambie mama, hapo hapo ndipo pa kumwambia mama.

Sasa tunafika penye ugumu, nao ni adabu. Tumelelewa kuamini kuwa mtoto mwema ni mtoto msikivu, na neno hilo limebeba mambo mawili kwa pamoja, kusikia na kutii. Mtoto akitumwa aende. Akiitwa na mtu mzima aitike na kukimbia. Hatuyapingi malezi hayo. Sisi wenyewe ni mazao yake, na mtoto asiyejua kutumwa ni mzigo kwa dunia nzima. Lakini Tamari naye alikuwa msikivu. Alitumwa akaenda. Utii usio na mpaka ni mali inayotafutwa sana na mtu mbaya. Kwa hiyo pamoja na utii hatuna budi kumpa mtoto ruhusa iliyo wazi ya kumkatalia mtu mzima katika jambo moja hili la mwili wake, na kumwahidi kuwa hatapigwa kwa kukataa. Asiachiwe kuikisia ruhusa hiyo. Aambiwe na baba kwa kinywa cha baba, na mama kwa kinywa cha mama.

Huenda mzee mmoja akasema tunawafundisha watoto ujeuri. Hapana. Mtoto na aendelee kusema shikamoo kwa kila amzidiye umri. Shikamoo haihitaji kupakatwa. Mtoto asiyependa kukaa mapajani pa mgeni aachwe asimame, na mgeni asinune. Yako pia mambo ya utani wa babu na mjukuu, "mke wangu" huyu na "mchumba wangu" yule, utani wa asili uliotupa kicheko tangu utotoni, nasi hatuna nia ya kuung'oa. Ila utani ule ulikuwa na mipaka yake: ulifanywa barazani, mbele ya watu, kwa maneno tu. Mtu anayetafuta kumtania mtoto faraghani hatanii.

Kuna wanaouliza mambo haya yafundishwe lini na kwa njia gani, bila kumtia mtoto hofu ya kila mwanamume anayepita. Jibu letu ni la kialimu. Msimkalishe mtoto chini kwa hotuba. Hotuba ya siku moja humtisha na haimfundishi. Semeni kidogo kidogo, mara nyingi, katikati ya kazi: wakati wa kuoga, wakati wa kuchambua mchele, njiani kwenda kanisani. Na ulizeni maswali. Ungefanyaje kama umepotea sokoni? Ungefanyaje kama mwenye bodaboda amekuambia baba amemtuma akuchukue? Mama mmoja alitueleza kuwa alikuwa akicheza mchezo huo na binti yake wa miaka sita huku wakichambua mboga. Mtoto akajibu vizuri yote. Halafu naye akauliza: "Mama, na kama ni mwalimu?" Mama akamwambia: "Hata kama ni mwalimu, mwanangu." "Na kama ni Padre?" "Hata kama ni Padre." Mtoto akanyamaza, akauliza tena: "Na kama ni baba?" Mama yule alisema kisu kilimwanguka mkononi. Lakini akajibu hivyo hivyo, tena kwa sauti ile ile. Sisi tunamsifu. Jibu hilo halimvunjii heshima baba mwema hata kidogo.

Somo lisiloweza kurudiwa na mwanafunzi kwa maneno yake mwenyewe halijafundishwa. Kwa hiyo mwulizeni mtoto: ukipatwa na jambo, utamwambia nani? Atasema mama. Mama asipokuwapo? Mama asipoamini? Asaidiwe kutaja kwa majina watu watatu, na mmoja wao awe nje ya nyumba, kama shangazi, au mwalimu wa kike, au mdhamini wake wa ubatizo. Enyi wadhamini, mlipotoa ahadi zile kisimani hamkuahidi kununua gauni jeupe tu. Na mtoto aambiwe kuwa wa kwanza asipomsikiliza, aende kwa wa pili, na wa tatu, asichoke kusema mpaka apatikane atakayesikia.

Mambo mengine tutayapitia haraka, kwa kuwa mengi mnayajua. Mtoto wa miaka mitano ajue kutaja jina lake lote, majina ya wazazi wake, kijiji au mtaa anaokaa, na namba ya simu ya nyumbani. Namba hiyo hushikwa upesi ikiimbwa kama wimbo. Dereva wa bodaboda anayepeleka watoto shuleni awe mmoja anayejulikana, na iwepo alama ya neno ambalo asiyelijua hapewi mtoto. Tuisheni ifanyike ukumbini na mlango ukiwa wazi. Kwenye simu, mtoto asiachiwe kuzungumza na watu asiowajua kwa siri ya usiku.

Lakini juu ya kulala tunaomba tusikimbie. Wakati wa msiba na wa harusi nyumba hujaa, na watoto hulazwa kwenye mikeka chumba kimoja pamoja na yeyote aliyekosa mahali. Wakubwa wako nje na shughuli zao mpaka alfajiri. Umoja wa Mama, ambao hupanga wapishi, wabeba maji na wapokeaji wa wageni kwa ustadi mkubwa, ungeweza kupanga pia mama wawili wa kulala na watoto. Ni kazi nyepesi kuliko kupika wali wa watu mia mbili. Na msichana wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini akiwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano, naye ni mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Analala wapi katika nyumba zetu? Mlango wake una komeo? Naye amwambie nani, ikiwa mkosaji ni mwenye nyumba?

Wavulana vilevile wasisahauliwe. Tumezoea kuwachunga wasichana na kuwaachia wavulana dunia nzima wazurure, kisha tukawaambia kuwa mwanamume halii. Mvulana aliyelawitiwa amebeba mzigo wa aibu maradufu, na ile theluthi moja ya utafiti yatuonyesha jinsi anavyonyamaza. Kadhalika mtoto asiyesikia, au asiyeona, au mwenye ulemavu wa akili, maana watenda mabaya humchagua yule wanayedhani hataweza kusimulia.

Na fimbo? Utafiti ule ule ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walipigwa au kutendewa ukatili mwingine wa mwili kabla ya miaka 18. Hatutaanzisha hapa mjadala wote wa viboko, maana utajaza gazeti zima. Tunasema moja tu, la watu waliokaa na watoto miaka karibu arobaini: mtoto anayechapwa kwa kuvunja sahani hujifunza kuficha vigae. Akija kwako na habari mbaya kuliko sahani, atafikiri juu ya vigae vile kwanza.

Tuseme sasa mtoto amesema. Pengine amesema nusu nusu, tena wakati usiofaa, wali unataka kuungua na wageni wako mlangoni. Ketini. Msipige kelele, msimwapize yule mtu mbele yake, msimwulize kwa nini hukusema mapema. Mwacheni aeleze kwa maneno yake, bila kumtilia maneno kinywani, kwa sababu maneno yake hayo yatahitajika. Mwambieni kuwa mmemwamini, na kuwa kosa si lake. Kama ni jambo la kubakwa au kulawitiwa na halijapita siku nyingi, asioshwe, na nguo zake zisifuliwe, ingawa mikono ya mama itatamani kufanya hivyo kabla ya lolote. Apelekwe hospitali siku ile ile. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hazina budi kuanza mapema iwezekanavyo, na baada ya saa 72 hazisaidii tena. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na hapo hutolewa ile fomu ya matibabu iitwayo PF3. Lakini mtoto anayevuja damu aanzie hospitali, fomu itafuata. Msaada na ushauri hupatikana pia kwa kupiga simu namba 116, bila malipo, na mtoto mwenyewe aweza kuipiga. Afisa wa ustawi wa jamii ahusishwe.

Kisha watakuja wazee kutaka jambo hili limalizwe nyumbani. Hapa ndipo kesi nyingi za watoto zinapokufa. Huja kwa upole, wakiwa na mbuzi au na fedha, wakisema mtoto ataaibika, ukoo utavunjika, kijana wa watu atafungwa miaka thelathini. Twamwona Absalomu akimwambia dada yake anyamaze. Hawana nia mbaya wote. Wengine wanaamini kweli kuwa wanaokoa jamaa. Lakini mbuzi yule huliwa na wakubwa, na mtoto hubaki akikutana na yule mtu kisimani kila asubuhi. Makosa haya ni ya jinai, na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliyapa adhabu kubwa. Hayana suluhu ya barazani. Sheria ya Mtoto nayo imempa kila mwanajamii, hata asiye ndugu, wajibu wa kutoa habari kwa serikali ya mtaa wake anapojua kuwa haki ya mtoto inavunjwa. Wengine hukata tamaa wakidhani kuwa neno la mtoto mmoja halina uzito mahakamani. Sivyo. Katika kesi za namna hii mahakama yaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli.

Hatuwezi kumaliza bila kuingia kanisani. Mwingereza mmoja, John Smyth, wakili mwenye jina na mtu wa sala, alishughulika na kambi za vijana wa Kikristo huko Uingereza, na katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akawapiga wavulana na vijana kwa ukatili mkubwa akidai anawasafisha dhambi. Mwaka 1982 baadhi ya viongozi wa kambi zile waliandikiwa taarifa ya mambo hayo. Hawakwenda polisi. Mwaka 1984 Smyth akahamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine, na wavulana wa huko wakaumizwa vilevile. Kwa nchi zote mbili walioumizwa walizidi 100. Alikufa mwaka 2018 bila kutiwa hatiani. Taarifa ya uchunguzi ilipotolewa Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alitangaza kujiuzulu, kwa kuwa Kanisa lilipojulishwa rasmi mwaka 2013 jambo lile halikufuatiliwa ipasavyo. Tumeitaja habari hii kwa kuwa ni ya Kanisa letu wenyewe, na kwa kuwa mlango ulioachwa wazi na watu wa Ulaya ulifunguka Afrika. Walionyamaza walidhani wanalinda kazi ya Mungu.

Baraza la Ushauri la Waanglikana duniani lilikuwa limekwisha kupokea, katika mkutano wake wa Auckland mwaka 2012, mkataba juu ya usalama wa watu ndani ya makanisa, na mwaka 2019 huko Hong Kong likapokea mwongozo wa kuutekeleza. Karatasi hizo ni nzuri, lakini zinahitaji miguu ya parokiani. Katika Shule ya Jumapili wawepo watu wazima wawili, na mlango ukae wazi. Mtu mpya anayejitolea kufundisha watoto, hata awe na kipaji cha kuimba namna gani, aulizwe atokako na aulizwe habari zake huko. Kambi ya Pasaka isiondoke bila mama wa kulala na wasichana na mzee wa kulala na wavulana, si mmoja bali wawili wawili. Mtoto asitumwe peke yake nyumbani kwa mtumishi yeyote wa Kanisa, aliyevaa kola au asiyevaa. Na mtu akishtakiwa asihamishiwe parokia nyingine kimya kimya. Akae kando na kazi ya watoto mpaka wenye mamlaka ya serikali wachunguze, maana kama hana kosa, uchunguzi wa haki utamsafisha kuliko minong'ono.

Vikundi vitakavyolisoma somo hili pamoja na visome sura ile polepole, na kila mmoja achukue nafasi ya mtu mmoja katika nyumba ya Daudi: mtumishi aliyetolewa chumbani, mtumishi aliyekomea mlango, Absalomu, Daudi mwenyewe. Aseme angeweza kufanya nini, saa ngapi, na kwa kumwambia nani. Halafu waulizane ni nani katika parokia hii ambaye mtoto angemwendea leo, na kama mtoto mwenyewe analijua jina hilo. Na namba 116 iandikwe kwenye ukuta wa chumba cha Shule ya Jumapili, kwa tarakimu kubwa, kwa kimo cha mtoto.